Re: Swali langu la "uncle" limeitwa rahisi, ni haki kweli?

Pole dadangu, mi naona wamekuonea. Kule KudoZ ya ProZ, ule ukumbi wa mtandaoni ambako watafsiri tunaulizana maneno, swali rahisi ni lile ambalo mtu yeyote anayezijua lugha zote mbili analijibu bila kushika kamusi, sasa wenzetu wameona neno fupi la shule ya msingi wakabonyeza "rahisi" tu. Haya, huyo "uncle" ni ndugu wa mama au wa baba? Wa mama ni mjomba, wa baba ni ami, au baba mkubwa, au baba mdogo, na wewe umesema ni hati ya mirathi ya Kiislamu! Hapo ami anaweza kurithi kama asaba, yaani ndugu wa kiumeni anayechukua kinachobaki wenye mafungu wakishapewa, mjomba yuko foleni ya nyuma kabisa, ukikosea neno moja umemhamishia mtu haki yake.

Afu kuna kinyume chake. Mi niko Tanga, nilipewa maelezo ya mashine za mkonge, neno "decorticator" likanitoa jasho siku nzima, jioni nikampigia mzee mmoja aliyefanya kazi mashambani huko Muheza, hata sijamaliza kumweleza majani yanavyopondwa mpaka zinabaki singa akanikatiza, "si korona hiyo mwanangu!" Kwake lilikuwa swali la kitoto.

Ndo maana mi napima ugumu kwa sentensi neno lilimotoka. Bandika aya nzima pale, sema ni mirathi, afu waombe walipigie kura upya, mi yangu unayo.