Boti ya futi 23 ya kuzamia: mashine moja ya 150 au mbili za 75?

SWALI: Habari fundi. Nipo Dar, kuna boti ya faiba ya futi 23 nataka kuinunua, bodi tupu bila mashine. Mi na mke wangu tunazamia na mitungi, tuna marafiki wanne tunaenda nao, wikiendi ni visiwa vya Mbudya na Bongoyo, na nna hamu siku moja tufike kisiwa cha Latham. Nifunge mashine moja ya 150 (nguvu za farasi) au mbili za 75? Kila mtu ananiambia mbili, kwamba moja ikizima unarudi na nyingine. Na je, lazima niwe na nahodha au naendesha mwenyewe?

JIBU: Salama kaka, hongera. Hao wanaokwambia mbili hawajakosea sana ila waulize kitu kimoja, hizo mashine mbili zinanyonya tanki gani? Maana boti nyingi za watu binafsi ninazoletewa hapa Kunduchi ni mashine mbili, tanki moja, filta moja, na kinachozimisha mashine baharini mara nyingi sio mashine, ni petroli. Maji yameingia, au uchafu wa madumu, au tanki limekaa nusu kwa wiki kadhaa boti ikiwa imepaki juani mpaka unyevu ukageuka matone ndani. Petroli chafu haichagui, itazima ya kulia, dakika chache mbele ya kushoto nayo inaanza kukohoa, na hapo umelipia mashine mbili na bado unatafuta kasia.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, chini ya ile filta ya kutenganisha maji kuna kikoki kidogo, kinga chupa tupu ya maji inayoonyesha ndani, fungua ijae nusu alafu iache itulie. Petroli inabaki juu na rangi yake, maji yanashuka, na kama ni kidogo ukiinamisha chupa utayaona matone yanakimbizana kwenye kitako. Matone mawili matatu mwaga, safisha, endelea. Ukikuta mstari kabisa wa maji usitoke siku hiyo, hata kama watu wameshavaa wetisuti na picha wameshapiga.

Kwa hiyo mi kwa boti yako ningefunga moja ya 150 fostroku (inayotumia petroli tupu), na pembeni yake ka 15 tustroku, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Sababu ya kwanza ndo hiyo ya mafuta, tustroku haiwezi kutumia tanki kubwa hata ukitaka, inabidi iwe na kitanki chake cha lita 25 na oili nusu lita humo ndani (50 kwa 1, ila soma kitabu cha mashine yako), yani mafuta yanatengana yenyewe bila wewe kukumbuka. Itakusukuma noti 4 au 5 hivi (maili za baharini kwa saa), taratibu lakini unafika nyumbani. Sharti lake moja, kila mnapotoka iwashe uitembeze kidogo, maana mashine ya dharura inayokaa miezi bila kuwashwa siku ya dharura ni chuma tu kinaning'inia.

Sababu ya pili ni uzito. Mbili za 75 fostroku zinavuka kilo 300, moja ya 150 ni kama 220, na huo uzito wote unakaa nyuma ambako ndo mnarundika mitungi. Piga hesabu, watu sita mitungi miwili miwili ni 12, mtungi wa alumini uliojaa ni kilo kama 17, tayari kilo 200 na ushee, weka watu wenyewe, mikanda ya vyuma vizito vya risasi ya kuzamia, petroli lita 150 nayo ni kilo 110, boti ya futi 23 inaanza kukaa kitako na maji ya mawimbi yanachungulia kwa nyuma. Tena panga mitungi katikati, wima, ifungwe, sio ilale sakafuni ikiviringika kwenye vidole vya watu.

Na ya tatu, hii wauzaji hawaiongelei, ni ngazi. Mzamiaji aliyechoka anapanda kwa nyuma, ukijaza nyuma kote mashine mbili unampandisha katikati ya propela mbili au unamwekea ngazi ubavuni ambako boti inayumba na kumpiga. Mashine moja katikati, kushoto ile 15, kulia ngazi ndefu ya chuma kisichoshika kutu, inayoshuka majini vipande vitatu vya kukanyagia angalau. Mtu akiwa karibu na ngazi mashine inazimwa. Gia kuwa fri haitoshi, zima kabisa na uchomoe ile kamba nyekundu ya kuzimia, maana mkono unaweza kugusa gia bila kukusudia.

Nahodha sasa. Kwenda Mbudya kula samaki endesha mwenyewe. Siku ya kuzamia lazima abaki mtu juu, na simaanishi shemeji aliyekuja kupunga upepo, namaanisha mtu anayejua kuwasha, kung'oa nanga, kutumia redio chaneli 16 (ya dharura) na kuhesabu vichwa. Nanga huwa inakwangua ikahama, na siku za bamvua (mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kutoka sana) mkondo ukikupeleka huwezi kuurudia kwa kuogelea na mtungi mgongoni, ni boti ndo ikufuate. Mkianza anzeni siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo. Bendera ya bluu na nyeupe, ya kuonyesha kuna wazamiaji chini, pandisha, ila usiiamini sana, boti za abiria na wavuvi wengi hawaijui, kila mzamiaji awe na boya lake la kujaza upepo alitangulize kabla hajatokeza kichwa.

Nanga itupe kwenye mchanga, sio juu ya matumbawe, na Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari, kuna kiingilio na hakuna kuvua, hata bunduki ya samaki iache nyumbani. Usajili na ukaguzi wa boti ni TASAC (Shirika la Wakala wa Meli Tanzania), ukihamia upande wa Zanzibar ni ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar).

Latham subiri kidogo. Ni bahari ya wazi, njiani hakuna kisiwa cha kujibanza, na kipindi cha kusi (upepo mkali wa kusini) sikushauri kabisa kwa futi 23. 150 ukiibana mpaka mwisho inakula lita 50 na kitu kwa saa, ukiishusha kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika inarudi karibu nusu, basi gawa mafuta mara tatu, theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi usiiguse. Ukiona hesabu inagoma usijazie kwa madumu juu ya sitaha pembeni ya mitungi, ahirisha au nenda na boti kubwa.

Kabla hujalipa hiyo bodi, simama juu ya ubao wa nyuma pale mashine inapokaa, ruka ruka, alafu ugonge kwa mpini wa bisibisi kote. Mlio mkavu ni sawa. Ukisikia bubu sehemu, mbao ya ndani imenyonya maji na imeoza, hapo hata 40 usifunge mpaka ifumuliwe, na bei ishuke kwa gharama hiyo.