Niliuliza habari za ubunifu Katwe, nikajibiwa hapana

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili nilishuka Katwe, mtaa wa karakana za mafundi hapa Kampala, na dodoso la kurasa 14. Swali la saba lilisema: "Je, katika miaka mitatu iliyopita umefanya ubunifu wowote?" Mafundi 31 kati ya 40 wakajibu hapana. Nikarudi chumbani na mzigo wa karatasi, tasnifu haina kitu.

Kati ya hao 31 alikuwamo mzee Mnubi wa Bombo, Kiswahili kimemkaa mdomoni kuliko mimi. "Ubunifu ni ule wa Makerere, mwanangu, lile gari la umeme," aliniambia. "Mimi nachomelea tu." Aliyasema hayo ameegemea mashine ya kuchanganya chakula cha kuku, aliyoiunda kwa giaboksi ya pikipiki kuukuu. Zamani alikuwa akitengeneza mageti na madirisha, basi.

Kosa lilikuwa langu. Mwongozo wa Oslo, ambao watafiti wengi wa fani hii huutumia kupima ubunifu, haudai kitu kiwe kipya duniani. Kikiwa kipya kwa karakana yenyewe, kikatofautiana kweli na cha awali, na kikaingia sokoni au kikaanza kutumika, kinahesabiwa. Nilikuwa nimeusoma huo mwongozo! Lakini neno "ubunifu" nililipeleka gereji likiwa limevaa suti.

Kwa hiyo wewe mwanafunzi ukienda kutafiti karakana, liache hilo neno chuoni. Uliza: "Leo unatengeneza nini ambacho miaka mitatu iliyopita hukuwa unakitengeneza?" Kisha nyamaza. Mzee wangu alizungumza saa nzima: mteja gani wa Mukono aliyeomba, chuma kipi kilipinda, kijana gani aliyependekeza giaboksi. Ukimaliza hapo, uliza jirani alikiiga baada ya muda gani. Katwe ukitengeneza kitu hadharani, wiki hiyohiyo kuna mtu anakipima kwa shubiri, na habari za namna ubunifu unavyosambaa utazipata hapo kuliko kwenye swali lolote la kuweka alama ya vema.

Fedha nazo zina namna yake. Ukiuliza mauzo ya mwezi utaonekana mtu wa kodi, na hata asiyekuogopa atakutajia tarakimu ya kukuridhisha tu. Uliza ya jana. Na andika tarehe, maana anayetengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni ana wiki zake za neema shule zikikaribia kufunguliwa, halafu ana ukame.

Jingine linaniudhi: tasnifu zinazofungua kwa kujisifu kwamba Uganda ni kinara wa ujasiriamali duniani. Ndiyo, uchunguzi wa GEM, ule wa kimataifa wa kupima ujasiriamali, wa 2014 ulikuta zaidi ya theluthi ya watu wa miaka 18 hadi 64 wanaanzisha biashara au wanaendesha isiyozidi miezi 42. Hicho ni kipimo cha kuanza. Kijana aliyewasha jiko la rolex, ile chapati ya mayai, mwezi jana yumo, na namba hiyo haikwambii kama mwakani utamkuta.

Ndiyo maana nasisitiza kurudi. Kaskazini mwa nchi serikali iliwapa vijana ruzuku ya takriban dola 382 kila mmoja ili wajiajiri, na mtafiti Christopher Blattman na wenzake wakawafuatilia. Baada ya miaka minne, waliopewa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 38 kuliko wasiopewa. Baada ya miaka tisa pengo hilo la kipato lilikuwa limefutika kwa sehemu kubwa, kwani wenzao walikuwa wamewafikia. Wewe huna miaka tisa, najua, na msimamizi wako anataka sura ya nne, ile ya matokeo. Panga ziara mbili basi, hata zikiachana miezi sita. Kibali cha kamati ya maadili na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia viombe mapema, tena utaje ziara zote mbili.

Mimi nilirudi baada ya mwaka. Karakana tisa hazikuwepo. Majirani watatu wa mzee walikuwa wakiuza mashine ileile, naye ameshahamia kwenye mashine ya kukoboa karanga. Nilimpelekea kurasa nne za matokeo kwa Kiswahili, pamoja na mchoro wa ile mashine yake. Akauangalia, akaniomba kalamu, akasahihisha kipimo cha ekseli.