Jicho la Samaki Kwenye Theluji

SWALI: Ndugu Mhariri, filamu za skii nilizozizoea zilipigwa kutoka kwenye helikopta, milima ikionekana mizima. Siku hizi naona video zenye picha karibu ya mraba, iliyopinda kingoni na yenye chengachenga, mithili ya video za zamani za skatibodi. Je, ni uhaba wa fedha au ni mtindo tu? Nami nina kamera ya mkanda iliyokaa kabatini, je, itafaa?

JIBU: Ni yote mawili, ila uhaba wa fedha ndio uliotangulia. Wacheza skatibodi waliipenda mno kamera ya video ya mkanda Sony VX1000, iliyotoka mwaka 1995, kwa sababu ilikuwa na mshikio juu na iliweza kufungwa lenzi ya jicho la samaki, ile inayopinda picha kingoni, hivyo mpigapicha alimfuata mwenzake akiwa juu ya ubao wake mwenyewe, kamera ikining'inia karibu na ardhi. Lenzi hiyo huona upana mkubwa kiasi kwamba mtikisiko wa mkono hauonekani sana, na mrukaji habanduki kwenye picha hata kama mpigapicha hatazami kioo cha kuonea picha. Wanaskii wasio na uwezo wa kukodi helikopta walijifunza hapo: wakahamia kuteleza juu ya reli za ngazi za mijini, na pale mteremko usipotosha, winchi au kamba ya mpira huwavuta hadi wapate kasi. Mfululizo wa video za skii wa mtandaoni uitwao Line Traveling Circus, ulioanza mwaka 2008, ulijipatia watazamaji kwa safari za gari, reli za mitaani na mizaha.

Hata hivyo, skii si skatibodi. Ubao una urefu wa sentimita 80 hivi, ilhali skii nyingi hupita sentimita 170, na mtu anapozunguka juu ya reli ncha zake hufagia duara pana. Kwa kuwa jicho la samaki hudai ukaribu wa mkono mmoja, kioo cha lenzi kilichotokeza mbele ndicho hugongwa kwanza. Mpigapicha na akae nyuma ya mikia ya skii, aache fimbo zake, na wakubaliane mapema nani atapita upande gani. Kwenye mlima mkubwa lenzi hiyo iondolewe kabisa, kwani huugeuza kichuguu.

Kamera yako itafaa, mradi uilinde. Ikiachiwa ijipimie mwanga yenyewe, theluji itatoka ya kijivu, kwa hiyo ongeza mwanga kwa hatua moja au moja na nusu. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani baridi huzidhoofisha. Kabla ya kuingia kwenye chumba chenye joto, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uiache humo hadi ipate joto, la sivyo unyevu utatanda kwenye vichwa vya kusomea mkanda, nao mkanda utanata. Kumbuka pia kwamba mkanda wa dakika 60 huchukua dakika 60 kuhamishiwa kwenye kompyuta, kupitia tundu la FireWire ambalo kompyuta mpya hazina.

Wapo wanaopiga kwa kamera ya bei kubwa kisha wakapachika chengachenga kwa programu. Binafsi sioni maana yake, kwa sababu kinachovutia ni ule ukaribu. Sauti nayo usiifunike yote kwa muziki: mkwaruzo wa ukingo wa skii juu ya chuma humweleza mtazamaji kasi ambayo picha yenyewe huificha.