Dondoo Zinazolala Mfukoni: Ushauri kwa Anayeanza Kuandika Makala

Kila anayeingia katika kazi ya kuandika makala, iwe za gazeti au za redio, huambiwa mapema kwamba asitoke nyumbani bila daftari. Siku hizi daftari hilo limo ndani ya simu, na karibu kila kijana ninayemwelekeza katika kazi hii huja akiwa tayari na programu ya kuandikia dondoo. Dondoo anazo tele, tena za maana, ila hazifungui tena. Siku ya kikao cha wahariri anakuna kichwa akitafuta wazo la wiki, ilhali mawazo ya miezi kadhaa yamelala mfukoni mwake. Kwa sababu hiyo, ushauri wangu utahusu zaidi namna ya kurudi kwenye dondoo kuliko namna ya kuziandika.

Kuhusu programu ya kutumia, usipoteze wiki nzima ukilinganisha. Google Keep, iliyotoka mwaka 2013, ni ya bure, inafanya kazi hata bando likiisha, na mtandao ukirudi inapandisha nakala kwenye akaunti yako. Wenye iPhone wanayo Notes tangu wanaponunua simu. Obsidian, iliyoanza mwaka 2020, huweka kila dondoo kama faili la maandishi ya kawaida ndani ya kifaa chenyewe, jambo linalowafaa wasiopenda kutegemea akaunti ya kampuni. Wengi hujitumia ujumbe kwa WhatsApp, ambayo tangu mwaka 2022 ina sehemu rasmi ya mtu kujiandikia mwenyewe. Hapo ni pazuri pa kupokelea wazo lakini si pa kulitunza, kwa kuwa kila kitu kinajipanga kwa tarehe tu, na wazo la mwezi uliopita linafunikwa na picha za risiti na viungo vya habari ulivyojitumia ili uvisome baadaye.

Swali la kujiuliza kabla ya kuhamia kwenye programu yoyote ni kama siku ukitaka kuondoka utaondoka na mali yako. Google waliwahi kuwa na programu nyingine ya dondoo, Google Notebook, wakaifunga mwaka 2012. Evernote, iliyokuwa kimbilio la waandishi wengi duniani, mwishoni mwa mwaka 2023 iliwawekea watumiaji wa bure ukomo wa dondoo 50. Dondoo za Keep unaweza kuzipakua zote kwa pamoja kupitia huduma ya Google Takeout, na ni vyema ukajaribu mara moja ungali na dondoo chache, ili ujue faili zinazokuja zinafananaje.

Sasa nije kwenye dondoo yenyewe, maana mara nyingi tunashindwa kuirudia kwa sababu iliandikwa vibaya tangu mwanzo. Tuseme umekaa kwa mama lishe mmoja Kariakoo, unasubiri wali maharage, ukaona kwamba ukutani nyuma yake ameandika kwa mkaa majina ya wateja na kiasi wanachodaiwa. Ukiandika “madeni ukutani” na kuifunga simu, umeandika kitu utakachokielewa hadi jioni tu. Miezi mitatu baadaye utayatazama maneno hayo mawili usijue yalikuwa ukuta wa nani wala kwa nini ulijali. Dondoo ya kufaa ingekuwa kama hivi: “Mama lishe Kariakoo anaandika madeni ukutani kwa mkaa, kila anayekula anayasoma. Anayelipa anafutiwa hapo hapo kwa kitambaa chenye maji. Je, kusomwa na wenzako ndiyo dhamana yake? Nimuulize anamfanyaje aliyehama mtaa bila kulipa.” Ni sentensi chache, lakini ndani yake kuna kilichoonekana, kuna swali, na kuna hatua inayofuata. Kati ya hayo matatu, swali lina thamani kuliko yote, kwa kuwa ndilo litakalokuwasha tena utakapolisoma umechoka na huna hamu ya kazi.

Kama umesimama kwenye daladala na mkono mmoja umeshika bomba, tumia kipaza sauti cha kibodi. Google waliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti mwaka 2017, na kinaandika vizuri kiasi, ingawa kelele za konda nazo zinaweza kuingia kwenye dondoo yako. Soma ulichokisema siku hiyo hiyo na urekebishe majina na tarakimu, kwani hayo ndiyo huharibika kwanza. (Na tafadhali usikae dirishani na simu nje nje gari likiwa kituoni.)

Tukija kwenye kurudi, kuna mtu mmoja ambaye kazi yake inafaa kutazamwa kwa makini. Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1998, aliacha kadi za mawazo zipatazo 90,000, ambazo leo zinatunzwa na Chuo Kikuu cha Bielefeld. Watu huvutiwa na wingi wa kadi hizo, lakini mimi navutiwa na jinsi alivyoziingiza. Kila kadi ilikuwa na namba yake, na kadi mpya haikutupwa tu mwishoni mwa boksi. Ilibidi atafute kadi ya zamani inayohusiana nayo, aisome, kisha aiweke mpya karibu na ile kwa namba inayochipuka kutoka kwenye namba ya kwanza. Kwa utaratibu huo hakuhitaji kujikumbusha kurudi nyuma, kwa sababu kuweka wazo jipya kulimlazimisha apite katikati ya mawazo ya zamani.

Jambo hilo unaweza kulifanya kwenye simu bila namba zozote. Mchana andika wazo kama linavyokuja, usisite. Jioni fungua dondoo za siku hiyo, na kwa kila moja andika neno lake kuu kwenye sehemu ya kutafuta uone linaleta nini. Dondoo ya mama lishe inaweza kukukutanisha na ile uliyoandika zamani kuhusu mwenye duka la mtaani anayekopesha unga kwa daftari, na nyingine kuhusu kikoba cha akina mama ambacho faini ya kuchelewa hutangazwa mbele ya wanachama wote. Hapo huna tena dondoo tatu, una makala kuhusu aibu kama dhamana ya mkopo. Ziunganishe: kwenye Keep nakili ile mpya chini ya ile ya zamani, na kwenye Obsidian andika jina la dondoo nyingine ndani ya mabano ya mraba mawili mawili, nayo itageuka kiungo.

Kuna kikwazo ambacho maelekezo yaliyoandikwa na Wazungu hayakitaji, kwa sababu hakiwahusu sana. Maneno yetu hubadilika mwanzoni. Programu nyingi hutafuta herufi kama zilivyo, na hazijui kwamba mtoto na watoto ni walewale, wala kwamba aliyeandika “wanakopeshana” alikuwa anazungumzia mkopo. Utatafuta “mkopo”, programu itakujibu kwamba hakuna kitu, nawe utaamini, kumbe dondoo ipo na ndani yake umeandika “mikopo”. Dawa yake ni ndogo: mwishoni mwa kila dondoo ongeza mstari mmoja wa maneno makuu katika umbo moja tu, yaani majina katika umoja, kama vile “deni, mkopo, mama lishe, aibu, Kariakoo”. Chagua pia jina moja la kila jambo na ulishikilie; ukiandika leo bodaboda, kesho pikipiki, keshokutwa boda, umejitengenezea mafungu matatu yasiyojuana. Mstari huo ukiwapo, lebo, yaani majina ya mafungu unayobandika kwenye dondoo, hazihitajiki kwa wingi. Binafsi naona mbili zinatosha, moja ya dondoo ambazo hazijaguswa na nyingine ya zile zilizokomaa kupelekwa kwenye kikao.

Zaidi ya kazi hiyo ya jioni, weka kikumbusho cha mara moja kwa wiki, siku ya kabla ya kikao cha wahariri. Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mara tu baada ya kujifunza, kisha kasi hiyo hupungua. Kwa hiyo dondoo mpya zisome mapema na za zamani uziguse mara moja moja. Katika usomaji huo wa wiki usijilazimishe kutoa uamuzi juu ya kila kitu. Inayokuvutia ongezea sentensi moja, isiyokuvutia iache ilivyo, na ile ambayo huoni tena ilikuwa na maana gani ipeleke kwenye kumbukumbu (Archive), inakofichwa bila kupotea, badala ya kuifuta, kwa kuwa tupio la Keep hujisafisha baada ya siku 7.

Limebaki suala la usalama, na hapa waandishi wapya ni wazembe kuliko inavyostahili. Jina la mtu aliyekupa habari kwa siri, namba yake ya simu au hali yake ya afya havina nafasi kwenye programu inayopandisha nakala mtandaoni. Badala ya jina lake andika kifupisho unachokijua wewe peke yako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019, lakini hata kama sheria hizo zisingekuwapo, simu huibiwa. Weka nenosiri imara kwenye akaunti, na uthibitisho wa hatua ya pili, yaani ile namba unayoombwa baada ya nenosiri, usitegemee laini iliyomo ndani ya simu hiyo hiyo pekee. Chapisha zile namba za akiba ambazo Google hutoa za kuingilia kwenye akaunti simu ikipotea, uziweke nyumbani. Na makala ikishatoka, fungua dondoo zake, andika juu ya kila moja tarehe na mahali ilipotumika, ndipo uiondoe mbele ya macho, ili mwakani usije ukampelekea mhariri wako kwa furaha wazo alilokwisha kulichapisha.