Kijana wa sikoseli anayeonewa bwenini: anza kwa kumuuliza kuhusu maji

Dada mleta mada, pole sana. Umesema mwanao yuko kidato cha pili, ana sikoseli (selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu), wenzake bwenini wanamwita "Manjano" kwa sababu ya macho yake, na sasa hataki kurudi shule. Wachangiaji wengi wamekwambia umtie moyo apuuze. Mimi nimezaliwa na ugonjwa huohuo na nimesoma bweni kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini. Nakuomba usimwambie apuuze.

Watu hudhani uonevu unaumiza moyo tu. Kwa mtoto wa selimundu unaingia mpaka kwenye damu. Figo zetu hushindwa kubana maji mwilini, kwa hiyo tunakojoa sana, na baadhi yetu tunaendelea kukojoa kitandani hata ukubwani. Wakati huohuo ni lazima tunywe maji mengi, maana mwili ukikaukiwa, chembe nyekundu za damu hupinda na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Bwenini kwetu godoro lililolowa lilianikwa pembeni ya uwanja wa paredi, shule nzima ilione. Mtu akishaanikiwa godoro namna hiyo, anaacha kunywa maji tangu mchana. Mimi niliacha. Godoro likakauka, na wiki haikuisha mapaja na mgongo vikanikamata, usiku kucha nang'ata shuka nisiwaamshe wenzangu. Asubuhi wakasema nadeka. Hakuna mwalimu aliyeunganisha lile godoro na kulazwa kwangu hospitali.

Kwa hiyo kabla ya kumuuliza nani anamwonea, muulize anakunywa maji kiasi gani, na dawa anamezea wapi. Bwenini ukionekana na vidonge vya kila siku, habari inayosambaa ni moja: "ana ngoma", yaani ana virusi vya Ukimwi. Kijana atajificha chooni kumeza foliki asidi, vidonge vya kusaidia mwili kutengeneza damu, kisha ataacha kabisa. Kama ameanzishiwa haidroksiyurea, dawa ya kila siku ya kupunguza vipindi vya maumivu, ni hatari zaidi, kwani dawa ile haisaidii mtu anayeirukaruka.

Kuna jambo jingine ambalo mvulana hatamwambia mama yake, kwa hiyo baba au mjomba aongee naye. Uume unaweza kusimama wenyewe, bila hamu yoyote, na kuuma sana. Ni ugonjwa uleule, damu imenasa. Ukikaa hivyo zaidi ya muda wa saa nne bila kulala, hiyo ni dharura ya hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Vijana wanaficha kwa kuogopa kuchekwa, na wengine wanapata madhara ya kudumu. Naomba msione aibu kulisema hili nyumbani.

Shuleni usiende na malalamiko matupu. Omba barua kliniki, iandikwe waziwazi: aruhusiwe kwenda chooni muda wowote, akae na chupa ya maji darasani, asikimbizwe mchakamchaka, asioge maji ya baridi alfajiri, asipewe adhabu ya viboko wala ya kazi nzito juani, alale kitanda cha chini karibu na mlango. Mkuu wa shule apate nakala, lakini hakikisha patroni anayo, kwa sababu yeye ndiye anayewaamsha. Na walimu, nasema kwa uchungu, mkimpumzisha mpeni ruhusa kimyakimya. "Wewe mgonjwa kaa pembeni" mbele ya darasa zima ndiyo inayozaa majina.

Wenzake nao waelezwe, ila yeye akubali kwanza. Mwalimu wetu wa baiolojia aliniita faragha akaniomba ruhusa, kisha kwenye mada ya urithi akaeleza kwamba macho huwa ya manjano kwa sababu chembe nyekundu zinavunjika mapema, kwamba hatuambukizi mtu, na kwamba mtoto hurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao mara nyingi hawaumwi kabisa. Akawaambia huenda humu darasani wapo waliobeba kinasaba hicho bila kujua. Darasa lilitulia. Aliyenipa jina hakubadilika, lakini wengine waliacha kumwitikia, na mmoja akawa ananichotea maji ya moto jikoni kila alfajiri bila kuombwa.

Umesema pia ni mdogo kwa umbo na sauti haijavunjika. Mwambie balehe kwetu huchelewa, lakini huja.

Shule ikikataa kushirikiana, mhamishie shule ya kutwa karibu na kliniki yake, wala usione umeshindwa. Na muhula huu, akiwa na homa au kifua kikibana, usisubiri ruhusa ya mtu, mpeleke hospitali.

Tuambie yuko mkoa gani na kama anatumia haidroksiyurea. Humu kuna wazazi wenye watoto kama wako, watakuelekeza kliniki iliyo karibu.