Kitunguu saumu hakizuii fangasi wa ukeni
Dada, umeuliza kama kuingiza kitunguu saumu au maziwa mala ukeni huzuia fangasi kurudi. Hapana, usiviingize, kwa kuwa kitunguu huweza kuunguza ngozi laini ya humo, na hakuna ushahidi thabiti kwamba kimojawapo huzuia fangasi kurudi. Kinachosaidia zaidi ni kuacha kuosha ndani kwa sabuni au manukato, kwani uke hujisafisha wenyewe, na kuvaa chupi za pamba zisizobana. Nikiwa mfamasia hapa Nairobi, huwaona wengi wakinunua klotrimazoli, dawa ya fangasi, mara kwa mara bila kupimwa, jambo linalonisikitisha sana. Fangasi wakirudi mara 3 au zaidi kwa mwaka, tafadhali upimwe sukari na ute wa ukeni, maana huenda ni kisukari kilichojificha au ugonjwa mwingine kabisa.