Mtego wa nzi, mmea unaokula wadudu, dirishani: maswali yenu

Nauza dagaa Kirumba, nzi wananimaliza. Nikiuweka mezani utanisaidia?

Hapana, dada yangu. Jani likinasa nzi mmoja hukaa limefumba wiki nzima au zaidi likimmeng'enya, na likishakula mara tatu nne linakauka. Nunua neti.

Mwanangu anauchokoza kwa kijiti siku nzima. Kuna ubaya?

Upo. Ndani ya jani kuna vinywele. Vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde kama 20, jani linafumba. Mguso mmoja tu, kama wa tone la mvua, linaupuuza. Kila kufumba bure ni nguvu iliyopotea. Mruhusu mara moja basi, maana hata mimi mtu mzima nilishindwa kujizuia.

Nimeutia samadi, namwagilia maji ya bomba kila siku, lakini majani yanakuwa meusi.

Shibe ndiyo inayouua. Asili yake ni vinamasi vya North Carolina na South Carolina, Marekani, ambako udongo hauna rutuba. Wadudu ndio mbolea yake, na mizizi haivumilii chumvichumvi. Toa udongo wote, weka piti (mboji ya mimea ya kinamasi iliyooza nusu) na mchanga uliooshwa vizuri. Maji yawe ya mvua. Kuchemsha ya bomba hakusaidii: maji yanapungua, chumvi inabaki palepale. Yakinge yanapotiririka kutoka kwenye bati, ila acha kwanza mvua ioshe vumbi na vinyesi vya korongo wetu. Kopo likae kwenye sahani yenye maji kidogo, mahali penye jua la kutosha.

Wa rafiki yangu wa Capri Point ulikufa mwaka wa pili, na alifuata yote hayo.

Ulikosa usingizi. Kwao kuna baridi kali, nao hulala, yaani huacha kukua, miezi mitatu hadi minne. Mwanza baridi hiyo tutaitoa wapi? Wapo wanaoulaza kwenye friji, ubavuni mwa sato, lakini mimi sina subira hiyo. Nishauri tu: tafuteni nepenthesi, ule wenye vikombe vinavyoning'inia. Ni wa nchi za joto, hadi Madagaska na Shelisheli upo, na haulali.

Kwetu hakuna mmea mla wadudu wa asili?

Yupo, tena hapa hapa ziwani. Utrikularia huelea kwenye maji yaliyotulia kando ya Ziwa Victoria, hana mizizi, ana vifuko vidogo vinavyofyonza vijidudu kufumba na kufumbua. Wengi mmeshamkanyaga mkidhani ni magugu.